Daftari la Yonasi na Karanga Zangu

Ndugu waombolezaji, mchungaji na majirani wa Chapwa, watoto wangu wote wanajua kusoma kuliko mimi niliyeishia darasa la pili, lakini karatasi hii ya wasifu wa marehemu wamenisukumia mimi, eti baba yao aliagiza, na kama nilishindwa kubishana naye akiwa hai, leo nitaweza wapi.

Marehemu Yonasi Nzunda alizaliwa tarehe 3 Mei 1952, Ruanda, Mbozi, akasoma hadi darasa la nne mwaka 1965, akatolewa shule akachunge ng'ombe wa baba yake mdogo, jambo lililomkaa rohoni mpaka mvi.

Tulifunga ndoa tarehe 14 Septemba 1974, Mungu akatupa Anania, Sekela na Lusubilo, mnawaona hapo mbele.

Mwaka 1986, biashara ilipofunguliwa, tulihamia Tunduma, yeye akawa mpakiaji wa mizigo mpakani, mimi nikauza karanga kwenye foleni ya malori, na kila msemo wa Kiingereza aliousikia kwa madereva wa Zambia aliuandika kwenye daftari la jalada la bluu, maana yake chini. Dereva mmoja alimwambia yuko chini ya hali ya hewa, Yonasi akabaki anakagua mawingu, hadi alipoambiwa kwamba Waingereza ndivyo wanavyosema mtu akiugua. Akagundua pia kwamba wakitaka kukazia jambo hutanguliza kijineno "did" mbele ya kitendo, "I did eat", akanieleza kuwa hata sisi tunakazia, tunasema kula nimekula, kuja nimekuja, nikamwambia basi wametuiga. Daftari likajaa kwa miaka kumi na mitatu, kanisa likamwahidi darasa la jioni afundishe Kiingereza, naye akashona suruali mpya kwa ajili hiyo.

Juni 1999 daftari likapotea, na darasa likafa kabla ya kuanza. Akalaumiwa Priska, binti wa dada yake kutoka Itumba, tuliyekuwa tukimsomesha, akiwa darasa la sita, akarudishwa kwao, na shule yake ikaishia hapo.

Mwaka 2001, mbele yangu, dereva mmoja alimwonyesha Yonasi karatasi iliyofungia karanga alizonunua kwangu zamani, akauliza mwandiko ni wa nani. Yonasi aliikunja, akaitia mfukoni, hakuniuliza neno.

Tarehe 9 Novemba 2013 akawa chini ya hali ya hewa, upande wa kulia ukapooza, na ndipo aliponiambia, "Yunisi, siku ya kunizika utasoma wewe, na Priska aitwe." Alifariki tarehe 11 Februari 2014, saa nne asubuhi, nyumbani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala hapa, wapakiaji wenzake mliobeba jeneza, na madereva mlioacha foleni.

Sasa Priska, mwanangu, simama watu wakuone. Daftari la mjomba wako hukuliiba, nilikosa karatasi za kufungia karanga siku ya soko, kuchana nililichana mimi, ukurasa kwa ukurasa, kisha nikakuita mwizi mbele ya mtaa huu huu. Mjomba wako hakunitoza kuku wala mbuzi, alinitoza kusema haya mbele ya waliosikia nikikuita hivyo.

Nimeyasema. Yonasi, pumzika kwa amani sasa.