Mkia wa Wimbi

Kwa nini ni lazima aliyekosea niwe mimi? Niliuliza hivyo kwenye benchi la duka la tofu, ile jibini laini ya soya, katika mji wetu wa milimani, Kamioka, kopo la kahawa mkononi. Ndani ya mlima wetu, karibu na mgodi wa zamani, kuna vioo vinavyonasa mawimbi ya mvutano: nyota mbili zikigongana huko mbali, anga lenyewe hutikisika, na vioo husogea kidogo mno. Nadharia inasema mtikisiko huo huzima upesi. Mimi nimechambua mawimbi manne, na matatu yanaburuta mkia, mtikisiko mdogo unaoendelea baada ya wimbi kupita. Kesho asubuhi natoa matokeo yangu mkutanoni, mjini Toyama, na profesa ameniamuru niufute mkia huo.

— Usifute, Kanoko, alisema Baruti, aliyelipua miamba mgodini miaka thelathini. Huo ni mwangwi. Wimbi limefika mwisho wa ulimwengu, likagonga ukuta, likarudi.

— Ukuta gani, umeupaka rangi wewe? alidakia Mama Redio, mwenye duka. Mvutano unavuja, unakwenda ulimwengu wa pili. Ndiyo maana tofu yangu siku hizi nyepesi.

— Nyepesi kwa sababu umeijaza maji.

— Kunywa kahawa yako, mzee.

— Mimi sitanii, nilisema. Kama mkia ni wa kweli, nadharia ya miaka mia imepata ufa, na mimi naambiwa ninyamaze. Ningekuwa mvulana ningeambiwa hivyo?

Pembeni aliketi mzee Sobue, mwendesha pampu wa zamani wa mgodi, aliyerudi siku ile kuosha kaburi la mkewe. Ndoo ilikuwa bado miguuni pake.

— Binti, hayo yenye mkia yalipita mwezi gani?

— Aprili. Yote matatu.

— Na la nne?

— Januari.

— Aprili theluji inayeyuka. Mlima mzima unapitisha maji kwenye mahandaki yetu ya zamani. Maji nayo si yana mvutano wake, wa kusogeza vioo vyenu? Mliyahesabu?

Baruti alichungulia kopo lake, tupu. Mama Redio alifuta meza iliyokwisha kufutwa. Mimi, ambaye chuoni sijawahi kushindwa mdahalo, sikuwa nimeyahesabu. Profesa naye hakuuliza mwezi. Alisema futa, basi. Hilo sijamsamehe.

Nilifungua daftari ukurasa mweupe, nikamsogezea mzee pamoja na kalamu.

— Mzee Sobue, naomba unichoree maji yanapita wapi.