Kiingereza Kilichonizuia Kumpigia Nyanya

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyetukusanya tena hapa Acocks Green. Nimepanga maneno yangu juma zima, na sasa yote yamenikimbia. Nitaanza na nyanya yangu.

Yeye ndiye aliyenilea Kakamega hadi Mama aliponileta huku kwa Waingereza, nikiwa kidato cha kwanza. Tulipoagana aliniambia, "Ukipita sekondari, niambie mimi kwanza. Nataka nisimame kanisani niwatangazie." Ndugu zangu, nawaambia, nililala na maneno hayo na kuamka nayo.

Siku ya matokeo nilifungulia bahasha pale pale shuleni. Huku alama ya juu ni tisa, na nne ndiyo ya kupita. Baiolojia nane, Hisabati saba, mengine mazuri. Kiingereza, tatu. Nikafanya tulivyozoea nyumbani: nikajumlisha yote, nikatafuta wastani. Wastani ulikuwa mzuri! Mama akakokotoa pia, akapiga vigelegele jikoni. Nikampigia Nyanya, naye Jumapili akasimama, akatangaza.

Mnacheka, ninyi mliosomea Kenya. Mngefanya hivyo hivyo.

Nilipokwenda chuo cha karibu kujiandikisha kwa masomo ya kuelekea chuo kikuu, mwalimu aliniambia kwa upole kwamba huku wastani hauhesabiki. Kila somo husimama peke yake, na bila Kiingereza hawangenipokea. Nikaketi kituo cha basi Small Heath, mabasi yakinipita. Nikawaza: Nyanya ataitwa mwongo? Ningebaki Kakamega, si ningekuwa nimepita? Au hata huko ningeanguka?

Nikaacha kumpigia. Akipiga, naiacha simu iite. Na hakuna sauti niliyoitamani kuliko yake. Nilisikiliza jumbe zake za zamani, za mvua kunyesha na ng'ombe kuzaa, ili tu nimsikie akikohoa kabla ya kusema.

Shangazi mmoja wa ushirika huu alinikuta nalia baada ya ibada.

"Unalilia tatu?" akasema. "Mwanangu alipata mbili! Tafuta chuo kingine. Utasoma mengine huku ukirudia Kiingereza. Kwani hukuuliza?"

"Nilikuwa nawaza."

"Wewe na kuwaza! Haya, mpigie nyanya yako, nikikuona."

Nikapiga, nikasema yote kwa pumzi moja. Nyanya akacheka.

"Ni Kiingereza tu? Mimi nimezeeka bila hicho! Nilidhani umekufa, wewe msichana. Jumapili nitasimama tena niwaambie bado, waendelee kuomba."

Na akasimama. Chuo kingine kikanipokea, nikarudia mtihani, nikapata tano. Mwaka huu nimemaliza chuo kikuu.

Asante Mama, asante shangazi uliyenikazia macho, asanteni nyote mlioniombea. Mzazi uliyemleta mtoto juzi, usikokotoe. Nenda shuleni ukaulize mapema kila somo linadai nini. Na wewe kijana, ukianguka, usimkwepe anayekungoja.

Nyanya sijamwona tangu tulipoagana. Leo nikitoka hapa nitampigia. Ataniuliza nimekula nini, nami nitamwambia. Lakini, ndugu zangu, natamani siku moja asiwe na haja ya kuuliza, kwa kuwa atakuwa amenipakulia mwenyewe.