Asteria na Benchi la Mteremkoni

Ndugu waombolezaji, mke wangu Asteria Kokubanza alizaliwa tarehe 12 Machi 1953, Kamachumu, Muleba. Alisoma hapo hapo mpaka darasa la saba. Mimi sikusoma. Barua zangu za uchumba aliniandikia kaka yangu. Asteria alijua, akanikubali hivyo hivyo.

Tulifunga ndoa Kamachumu tarehe 7 Juni 1975. Mwaka 1981 alikuja Uswidi kwa mafunzo ya kuuguza wazee, nikamfuata na watoto. Aliwahudumia wazee hapa Haninge mpaka alipostaafu mwaka 2018. Walimpenda.

Alipostaafu akajipa kazi nyingine, isiyo na mshahara: kutuhimiza tuseme na manispaa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni. Mwananchi anaandika ombi pale, wenzake wanabonyeza kumuunga mkono. Mwaka 2022 aliomba benchi kwenye mteremko wa stesheni ya treni hapa kwetu Jordbro, maana wazee wanafika katikati pumzi imekwisha. Akalituma ombi kwenye grupu letu la kanisa. Watu wakajaza Amina na mikono ya sala. Tukafurahi. Kumbe kwenye ukurasa lilikuwa na jina moja tu, lake.

Jumapili, tukinywa kahawa baada ya ibada, akasimama na simu.

“Mama Clementina, si tulishasema Amina?” jirani yetu Adhiambo akamuuliza.

“Amina mlimpa Mungu. Manispaa haimo kwenye grupu. Lete kidole!”

Watu walicheka, wakabonyeza. Nikamwambia anibonyezee na mimi. Akakataa. “Baba Clementina, na wewe ni mtu wa hapa.” Akanisubiri nikitafuta herufi za jina langu moja moja. Benchi likawekwa.

Mwaka 2024 moyo ulianza kumsumbua. Tukitoka kliniki, alipumzika kwenye benchi lile lile. Alifariki nyumbani, Jordbro, alfajiri ya tarehe 9 Februari 2025, nimemshika mkono. Nawashukuru wauguzi, na ninyi mliotuletea chakula. Namshukuru Mungu kwa miaka yote aliyonipa naye.

Ameniacha mimi, Mashauri. Watoto wetu Clementina na Goodluck. Na wajukuu wanne, waliomjibu kwa Kiswidi naye akiwasemesha Kihaya.

Ameacha pia ombi moja kwenye ukurasa: taa kwa ule mteremko. Linafungwa Jumapili ijayo, na majina bado hayatoshi. Jana nimebonyeza mwenyewe.

Asteria, asante. Pumzika kwa amani, mama.

Na ninyi, kabla ya kusema Amina, toeni simu.