Mzee Willis Wanjala Makhanu, Msagaji wa Ekero, 1936–1998

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Ekero na nyote mliotoka Mayoni, Lubao na Lugari, mimi ni Christine, kifungua mimba wa marehemu, nimesimama hapa leo Jumamosi, tarehe 14 Machi 1998, kwa niaba ya familia, kuwasomea maisha ya baba yetu jinsi alivyotaka yasomwe, maana alituagiza tusiruke mwaka wa 1991 hata kama wengine wataona haya.

Mzee Willis Wanjala Makhanu alizaliwa tarehe 14 Mei 1936 huko Mayoni, Matungu, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto wanane. Alianza shule mwaka wa 1945, akafika darasa la saba mwaka wa 1952, akakomea hapo kwa kukosa karo, jambo ambalo halikumzuia kusoma kila karatasi iliyopita mikononi mwake, hata maandishi ya kwenye magunia.

Mwaka wa 1955 alikwenda Lugari, akaajiriwa katika shamba la Mzungu mmoja kuwa mtunza ghala la mahindi, na huko ndiko alikojifunza kutia mkono katikati ya gunia na kujua kwa joto lake kama fukusi wameanza kazi, kabla mtu hajaona hata tundu moja kwenye punje. Alibaki huko hata mashamba yalipogawiwa wananchi, akiwatunzia wakulima nafaka, mpaka mwaka wa 1974 aliporudi nyumbani na kufungua mashine ya kusaga hapa Ekero, na kuanzia mwaka wa 1986 akaongeza ghala la mchele uliotoka Kano, ambao majirani zetu Waislamu wa Mumias waliununua sana wakati wa Idi.

Alifunga ndoa na mama yetu, Rachael Chepkirui, tarehe 17 Desemba 1960, huko Lugari, na Mungu akawajalia watoto watano, wanne wako hai na wako hapa, pamoja na wajukuu kumi na mmoja.

Sasa nafika mwaka wa 1991. Mwezi wa Agosti mwaka huo wadudu walizidi, fukusi walikuwa kwenye mchele na mahindi, nondo wadogo walikuwa wametanda utando ndani ya mashine hadi unga ukatoka na mabonge, wateja wakaanza kwenda kwingine. Baba akanunua sokoni vidonge vya sumu ya kufukizia, na Ijumaa tarehe 16 akafunika magunia kwa turubai, akaziba madirisha, akafunga mlango, akaandika juu yake kwa chaki kwamba mtu yeyote asiingie hadi Jumatano. Jumapili baada ya ibada wakaja watu waliokuwa na matanga, wakihitaji magunia mawili ya mchele, wakamsihi sana. Protus Lusweti, aliyekuwa mwendeshaji wa mashine na rafiki yake wa miaka kumi na tano, alimwuliza, "Mzee, si ulisema Jumatano?" na baba akamjibu, "Ingia haraka, vuta pumzi nje, toa mawili tu." Protus aliingia, akayatoa. Jioni alianza kutapika na kubanwa na kifua, akapelekwa hospitali, na Jumatatu tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi, akafariki, akamwacha mkewe Edah na watoto wanne.

Kabla ya polisi kuandika taarifa, baadhi ya watu wetu walimshauri baba aseme kwamba Protus alikuwa na ufunguo wake na aliingia mwenyewe, na ni kweli ufunguo alikuwa nao. Baba aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akasimama akasema, "Mimi ndiye niliyemtuma," na maneno hayo hayo akayarudia mbele ya mama Edah, na mbele ya hakimu, akafungwa miezi minane.

Alipotoka mwaka wa 1992 alisema mashine haitawashwa tena, akakaa nyumbani wiki sita bila kutaka kuiona, hadi mama Edah mwenyewe alipokuja akasimama hapo mlangoni petu. "Hiyo mashine ilichukua mume wangu," alimwambia, "na wewe unataka ikae tu bure? Watoto wangu watakula nini? Nipe ufunguo." Baba akampa. Tangu siku hiyo waliifanya kazi ile pamoja, nusu kwa nusu, na sumu haikuingia tena katika ghala lile.

Walichofanya mnakijua, maana wengi wenu mlifundishwa. Kila Alhamisi mashine ilisimama, ikafunguliwa chuma kwa chuma, unga wa zamani ukafagiliwa hata kwenye nyufa, kwa kuwa humo ndimo wadudu wanamozaliana. Magunia ya zamani yalichemshwa, kuta zikazibwa, nafaka iliyoingia kwanza ikatoka kwanza. Aliwafundisha akina mama kutia mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, kutikisa, na kutazama kama chumvi inaganda kwenye kioo, kwani ikiganda mahindi bado yana unyevu na yarudishwe juani. Alifundisha makanisani na sokoni, Lubao hadi Lugari, na kila mara alianza kwa kutaja jina la Protus Lusweti na kueleza alivyokufa, hata pale walipomwambia kwamba si lazima.

Mvua za El Nino mwaka jana zililoanisha nafaka kila mahali, na baba, ambaye tayari kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua kwa vumbi la miaka mingi, alikwenda Lugari mwezi wa Januari kwa mzee Kiprotich, aliyetaka kuweka vidonge katika chumba kilichopakana na pale wajukuu walipolala, akakaa kwake siku tatu, wakayaanika mahindi yale pamoja kila jua lilipochomoza. Aliporudi hakuamka vizuri tena, akalazwa hospitalini Februari, akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Jumapili tarehe 8 Machi alimwita mama Edah, na mbele yetu akamwomba msamaha, jambo ambalo kwa miaka yote ile ya kufanya kazi pamoja hakuwa amepata nguvu ya kulitamka. Mama Edah akamjibu, "Mzee, hii maneno ya kusamehe sikuimaliza siku moja. Mimi nakusameheanga asubuhi nikifungua ule mlango, na siku zingine inakataa kabisa. Leo imekubali." Yeye mwenyewe ameniomba niyasome hivyo hivyo. Baba alifariki kesho yake, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi siku hizi zote, vikundi vya akina mama, wateja wa Ekero na Mumias, na familia ya marehemu Protus Lusweti, iliyochimba kaburi hili pamoja nasi.

Baba, pumzika sasa, na Mungu akupe amani.