Kalkuleta ya Fauzia

Kijiwe cha kahawa cha Shoti pale Kilwa Masoko kinatazamana na karakana mbili za vifaa vya umeme. Moja ni ya Ignasi, ambaye kijiwe kizima kinamwita Fundi Voti. Nyingine ni ya Fauzia, aliyejifunza kazi kwake. Wiki iliyopita Fauzia aliifufua mizani ya kielektroniki ya ghala la korosho, mizani iliyomshinda mwalimu wake, na aliifanya kazi ile akiwa na kalkuleta nyeusi mkononi. Tangu siku hiyo Voti halali kwa wivu. Asubuhi hii alitangaza kwamba naye anaagiza kalkuleta Dar, tena iishinde ya yule binti.

— Chukua ya sola, alisema Haruna Antena. Haili betri.

— Nikiwa nyuma ya friji gizani, itahesabu nini?

Sixbert, waliyembatiza Msomi, alisema simu inatosha. Voti akakataa katakata. Simu inazima kioo mtu bado kashika waya, na vidole vyenye gundi ya kuchomelea haviwezani na kioo. Yeye anataka vitufe.

— Ya Fauzia inageuza namba, alisema Msomi. Unaandika ishirini, inakurudishia sifuri na moja tupu, vile chipu inavyoelewa.

— Na herufi inachanganya humo humo, alidakia Antena. Nimeona mwenyewe. Ile si kalkuleta, bwana. Ile inaongea na setilaiti.

— Kumbe, alisema Voti taratibu. Basi mizani hakuitengeneza yeye, ni hiyo setilaiti.

Maneno hayo yalimburudisha moyo kuliko kahawa. Msomi naye akaongeza kwamba huenda mizani iliharibiwa kutoka huko huko juu, makusudi, ili binti apate jina. Voti akamnunulia kikombe cha pili na kashata juu yake.

Pembeni alikaa mama mmoja wa Mitole, Skolastika, aliyekuwa akisubiri redio yake.

— Samahani, kaka fundi. Ukishainunua hiyo ya herufi, nani atakufundisha kuitumia?

Antena akachungulia ndani ya kikombe chake. Msomi akakumbuka ana mtu wa kuonana naye sokoni.

Ng'ambo ya barabara Fauzia alikuwa anafungua mlango wa karakana. Akawaona, akainua mkono.

— Shikamoo, mwalimu.

Kwa wiki nzima Voti alikuwa akijifanya hasikii salamu ile. Sasa alifungua mdomo, mama wa Mitole akimtazama, na marahaba ikagoma kutoka.