Mhandisi Nyanjige Sayi Hakukubali Kuwa Mpiga Chapa

Tarehe 30 Juni 2025, Mhandisi Nyanjige Sayi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuchimba visima vya maji Bariadi, Maswa na vijiji vya jirani. Kamati ya kumuaga imeniomba wasifu mchangamfu. Nitajitahidi, ingawa nina hasira.

Mwaka 1993, soko huria lilipokuwa likileta kampuni za kigeni, mojawapo, ya kuchimba mafuta, ilitangaza nafasi za wahandisi waliotoka chuoni. Nyanjige alikuwa na shahada yake mpya. Baba yake, mkulima wa pamba wa Kasoli, aliuza ng'ombe wa kulimia ili binti afike Dar es Salaam kwenye usaili.

Walimuuliza gesi ikianza kupanda kisimani atafanya nini. Akaeleza kuwa atafunga vali za usalama, asome shinikizo, kisha asukume chini tope zito zaidi la kuizuia gesi, taratibu. Mtaalamu wao akaridhika. Ndipo mwenyekiti wa jopo, Mtanzania mwenzetu, akauliza kama mume atakayemwoa ataruhusu aishi porini na wanaume. Nyanjige akataka kujua kama wavulana waliomtangulia waliulizwa habari za wake zao. Wakacheka. Mwenyekiti akasema ipo nafasi ya kupiga chapa ofisini.

"Nimekuja nikiwa mhandisi," alimjibu, "na nitaondoka nikiwa mhandisi."

Akapanda treni kurudi. Kijijini walimcheka mzee kwa kupoteza ng'ombe wake. Mzee alimwambia binti neno moja tu: "Ardhi ya kutoboa haipo kwao peke yao."

Mwaka uliofuata alianza kazi katika karakana yetu ya kuchimba visima vya maji. Kule Ipililo, mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba mwanamke akigusa mtambo maji yatakauka. Maji yaliporuka yalimlowesha yeye wa kwanza, kofia ikaenda zake. Nyanjige alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini hakuwa mtu wa kucheka kila jambo. Siku moja kwenye usaili wetu wenyewe, mjumbe alimuuliza binti aitwaye Lukresia ataolewa lini. Nyanjige alisimamisha usaili, akamtoa mjumbe nje, akaendelea. Leo Lukresia ndiye msimamizi wa mtambo wetu mkubwa.

Sasa niseme linaloniunguza. Mama huyu ameongoza karakana miaka mingi kwa cheo cha Kaimu. Vijana aliowafundisha walithibitishwa kwingine. Yeye, kila alipouliza, aliambiwa asubiri. Leo tunamuaga akiwa bado Kaimu. Kampuni ya mafuta ilimfungia mlango mara moja. Sisi tulimfungia kila mwaka, huku tukinywa maji aliyoyatoa ardhini, na mimi nimechoka kuliita jambo hilo utaratibu.

Mayu Nyanjige, mama yetu, unakwenda Nkololo kwenye shamba lako la mpunga. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha na majirani wema. Usitusamehe haraka. Asante, Mayu, wabeja sana.

Marcelo Ngassa, fundi mitambo