Ukoo wa Daktari Mpolandi

Kijiwe cha Kongowe hakikuwa na kiti hata kimoja cha kununuliwa. Watu walikalia ubao wa tela la trekta lililokufa, mbele ya duka la ushirika ambalo tangu Novemba liliuza viberiti na maneno tu. Mwinyimadi aliwauzia kahawa chungu bila kashata, maana sukari ilikuwa imeadimika mpaka watu wameanza kusahau sura yake. Asubuhi hiyo ya Desemba, mwaka themanini na moja, Twalibu wa Dutumi alifika pale mbio akitokea hospitali ya Kibaha. Mkewe Zubeda mimba ilikuwa imemharibikia, damu imemwishia mwilini, na daktari alitaka chupa mbili kabla ya kumpasua. Ya Twalibu ilipimwa ikakataa. Akaambiwa alete ndugu wa mgonjwa. Na ndugu mwenyewe, Saburi, kaka wa baba mmoja mama mmoja, alikuwa pale kwenye ubao, kifua kama gunia la korosho. Wenzake walimwita Tani Mbili.

— Shemeji, inuka twende — alisema Twalibu. — Dada yako anahitaji damu.

Saburi alipuliza kahawa yake.

— Anayeitoa nani?

— Daktari Halina. Yule mama Mpolandi.

— Wa ukoo gani?

Twalibu alidhani anataniwa, lakini wengine nao wakatikisa vichwa kuafiki. Kwao hata yule anayekuumika mgongoni kwa pembe, akutoe damu chafu, sharti ajulikane baba yake, babu yake na kijiji alichozaliwa. Damu haikabidhiwi mtu asiyejulikana. Twalibu naye alikulia katika imani hiyohiyo, kwa hiyo badala ya kumkokota shemeji yake, akakaa. Hapo ndipo alipokosea.

— Damu nzito kuliko maji — alisema Saburi. — Ndiyo maana haitoki ovyo.

— Habari za Wapolandi niulizeni mimi — alidakia Mzee Husseini wa Marui. Jina lake la kijiweni ni Tengeru, kwani wakati wa vita vya Hitla alichota maji kwenye kambi ya wakimbizi kule Arusha. — Walikuwa maelfu, wanawake na watoto. Mrusi aliwang'oa kwao akawatupa kwenye barafu, wakahangaika mpaka Uajemi, ndipo wakaletwa Tengeru. Nimewaona kwa macho haya wamepanga foleni na mabakuli.

Birika la Mwinyimadi likabaki hewani.

— Mzungu kapanga foleni?

— Kapanga, na analia. Wengine makaburi yao yako kule mpaka leo.

Watu wa kijiwe walidhani foleni ni mali yao peke yao.

— Hiyo ndogo — alisema Kondo Redio, ambaye husikiliza idhaa za nje mpaka betri zinatoa maji. — Nchi yao ilipotea miaka mia na ishirini na tatu. Mrusi, Mjerumani na Mwaustria waliigawana kama nyama ya akika. Kwenye ramani haimo.

— Sasa wenyewe walikaa wapi?

— Palepale. Mtu kalala kwake, kaamka kwa mwenzake.

— Asiye na mwana aeleke jiwe — alisema Mwinyimadi kwa huzuni, na hakuna aliyejua jiwe limeingiaje.

— Wakaipata tena. Na Jumapili hii iliyopita, jeshi lao wenyewe limeingia mjini na vifaru. Wafanyakazi walikuwa na chama chao, watu milioni kumi, viongozi wote wametiwa ndani. Simu zimekatwa nchi nzima.

— Kwa hiyo yule mama hajui kama wazazi wake wazima?

— Atajulia wapi?

Twalibu alikumbuka macho ya daktari asubuhi ile, mekundu, ambayo alidhani ni ya uchovu.

— Jamani, Zubeda anakwisha. Twendeni.

— Haraka haraka haina baraka — alijibu Saburi. — Ukoo bado.

Kondo alisema huyo lazima ni binti wa jenerali, kafichwa Kibaha. Mzee Husseini akakataa: kazaliwa Tengeru, na huenda yeye mwenyewe alimbeba mgongoni. Mwinyimadi akaweka birika chini kabisa.

— Mjerumani si alitutawala? Na wao si aliwatawala? Basi sisi na wao ni wake wenza tuliopigwa na mume mmoja. Ni watani wetu hao.

— Wazaramo na Wapolandi?

— Utani huanzia vitani. Na mtani akitaka kitu chako anabeba.

— Basi damu anaruhusiwa — aliamua Mzee Husseini.

— Athibitishe kwanza — alisema Saburi.

Ndipo akatokea Stellamaris, muuguzi wa wodi ya akina mama, anahema, vumbi mpaka magotini. Aliwaamkia shikamoo, wakaitikia marahaba.

— Chupa ya kwanza imepatikana — alisema. — Daktari kajilaza mwenyewe kitandani, kaniambia nimtoe. Ya kwake inamfaa kila mtu. Sasa hivi anakunywa chai ya rangi apate nguvu za kusimama kupasua.

— Kamtolea mtu wa Dutumi? — aliuliza Kondo.

— Kamtolea. Hizo herufi za makundi ya damu, A na B na O, Mpolandi mmoja ni miongoni mwa waliozipa majina. Kanisimulia huku sindano iko mkononi mwake.

Saburi aliweka kikombe chini.

— Lakini ukoo wake, sista…

— Wa kwenu hakuuliza. Kauliza jambo moja, nami nimetumwa nimpelekee jibu. Zubeda ana ndugu, au hana?

Kondo Redio aliangalia barabara ya Morogoro. Mzee Husseini aliangalia miguu yake. Twalibu aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, kwa sababu alikuwa amekaa nao muda wote huo.

— Nitamwambia hana — alisema Stellamaris, akageuka.

Twalibu alimfuata. Walikuwa wameshavuka barabara Saburi alipowapita mbio, mkono wa shati keshaukunja.